Nafasi ya Vidole Viwili

Fundi Futikamba hakuwa mtu wa kutishwa na namba. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa amekaa nyuma ya cherehani moja, katika chumba chenye dirisha linalotazama ukuta wa jirani, akipima vifua, viuno na mapaja ya watu. Jina hilo la utani alipewa na wateja kwa sababu futikamba haikumtoka shingoni. Alikula nayo, alikwenda nayo msibani, na mkewe anaapa kwamba siku ya harusi yao aliiona ikichungulia chini ya kola ya koti. Basi mtu huyo, mwenye kichwa kilichojaa inchi na sentimita, Jumatatu moja asubuhi alikuwa amelala kifudifudi kwenye vumbi la ua wake, ameikumbatia tairi ya gari lake, na hesabu zote alizozijua zilikuwa zimemkimbia.

Tairi iliandikwa 195/65 R15. Alipima kimo cha tairi nzima akapata sentimita sitini na tatu na ushee. Akaridhika kidogo, akajisemea kwamba ilianza na sitini na tano, mbili zimelika barabarani. Lakini alipopima sehemu inayokanyaga chini alipata kumi na saba, na mia moja tisini na tano haikuonekana popote. Kumi na tano ndiyo kabisa, akaizunguka tairi mara tatu bila kuiona.

Shemeji yake, dada wa mkewe, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. Huyu alikuwa mwalimu wa hesabu mstaafu, na alikuwa amehamia kwao kwa muda kumuuguza mdogo wake.

"Shemeji, unatafuta nini huko chini?"

"Natafuta sitini na tano."

"Hutaipata kwa futikamba. Sitini na tano ni asilimia."

Fundi akageuza shingo. "Asilimia ya nini?"

"Ya upana. Nimesoma jana kwenye simu. Hiyo mia moja tisini na tano ni upana wa tairi kwa milimita. Ukuta wake, yaani kutoka kwenye rimu mpaka inapokanyaga, ni asilimia sitini na tano ya huo upana. Kumi na tano ni rimu yenyewe, kwa inchi."

Fundi akaketi, akajipangusa vumbi kifuani. "Milimita, halafu asilimia, halafu inchi. Kwenye tairi moja."

"Ndiyo hivyo."

"Akija mteja kwangu na kifua cha milimita, kiuno cha asilimia na miguu ya inchi, nitampa maji ya kunywa nimwambie apumzike kwanza."

Sasa mtu ambaye nguo za watu zinamsubiri, anatafuta nini chini ya gari? Alikuwa anatafuta ulaini. Miezi miwili kabla ya hapo mkewe alipasuliwa mgongo. Kidonda kikapona vizuri, lakini mtaalamu wa mazoezi wa hospitali akawaambia waziwazi kwamba kupona kidonda si kupona mgongo. Mgonjwa aletwe kila Alhamisi kwa wiki nane anyooshwe, maana mgongo ukiachwa sasa utakaza ulivyo, na mama huyu atatembea ameinama maisha yake yote.

Alhamisi ya kwanza Fundi alijiandaa kama anayempeleka bibi harusi. Aliosha gari, akaweka mito miwili kiti cha nyuma, akapita kituo cha mafuta akajaza upepo mpaka matairi yakawa yanalia yakigongwa, maana alichelea pancha njiani na mgonjwa ndani. Hiyo ndiyo ilikuwa kanuni yake ya maisha: kuzidi ni heri kuliko kupungua. Nguo ikizidi hupunguzwa, ikipungua umeharibu kitambaa cha mtu. Kila nguo aliiachia nafasi ya vidole viwili, na wateja wake walipumua humo ndani bila shida.

Barabara ya hospitali ilikuwa mashimo matupu. Mkewe aliuma kitambaa njia nzima asipige kelele. Karibu na daraja, kwenye shimo moja refu la ukingo mkali, kitambaa kikamtoka mdomoni, akatoa sauti ambayo Fundi hakuwahi kuisikia hata siku za uzazi. Waliporudi nyumbani alikaa kitandani akatazama mikono yake.

"Fundi," alisema. Alimwita hivyo tangu siku ya kwanza alipokwenda kupimwa gauni. "Usinipeleke tena. Nitabaki hivi nilivyo. Nimekubali."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Fundi kuliko ile sauti ya darajani. Huyu ni mwanamke aliyekuwa akimtangulia njiani kila mara, akisimama mbele kumngoja na kumuuliza kama miguu yake ameiazima. Sasa alikwenda dirishani kwa kushika ukuta, na alikuwa amekubali. Fundi alitoka nje akajifanya anatafuta kitu kwenye buti la gari, kwa sababu hakutaka kulia mbele ya shemeji yake.

Shemeji ndiye aliyekwenda kusuluhisha, akarudi na mkataba. Alhamisi inayofuata mgonjwa angepanda gari mpaka njia panda tu, mwisho wa mtaa wao. Akifika hapo bila kuumia, safari iendelee. Akiumia kabla ya hapo, arudishwe ndani, na neno la hospitali lisitajwe tena katika nyumba hiyo. Fundi alikuwa na siku tatu za kulifanya gari liwe laini.

Penye wengi pana mengi. Jumatatu hiyo mchana dereva wa teksi wa jirani alikuja kuchukua suruali yake, akasikia habari, akatoa ushauri kabla hata ya kuijaribu suruali.

"Kaka, badilisha saizi ya matairi. Rimu ziache hizohizo za kiwandani, ila vaa tairi yenye ukuta mrefu. Ukuta ukiwa mrefu, raba inalimeza shimo kabla shimo halijafika kwenye mgongo wa mgonjwa."

"Saizi gani sasa?"

"Yoyote itakayoingia."

"Nitajuaje kama itaingia?"

"Ikiingia utaiona," dereva akasema, akaenda zake.

Shemeji alikuwa na njia yake. Alifungua mlango wa dereva akamwonyesha Fundi kibandiko kidogo kilichobanduka pembe moja. Hapo paliandikwa saizi ya tairi ileile. Chini yake palikuwa na picha ya gari lenye watu wawili na namba 32, kisha picha ya gari lenye watu watano na namba 35.

"Na hizi?" Fundi akauliza.

"Hizo sijazisoma bado."

"Pengine ni umri wa abiria."

Hawakuzifuatilia. Kwa siku moja walikuwa wameshiba namba. Shemeji akachukua karatasi akapiga hesabu mezani, kati ya makopo ya vifungo, akasema kwamba wakiweka 205/65, ukuta utaongezeka milimita sita na nusu. Fundi akazitafuta milimita sita na nusu kwenye futikamba yake, akazifunika kwa ukucha.

"Hii si nafasi, shemeji, hii ni uzi. Piga ya sabini."

Akaipiga. 205/70 ilikuwa na ukuta mrefu zaidi kwa karibu sentimita moja na robo tatu. Hapo uso wa Fundi ukachangamka, ingawa ukimuuliza leo atakwambia hakuelewa kwa nini kubadilisha namba moja kubadilishe na nyingine, wala kwa nini sabini ya tairi hii isiwe sawa na sabini ya tairi ile. Alielewa kitu kimoja tu, kwamba sabini ni kubwa kuliko sitini na tano. Akalala tena chini, akapima pengo kati ya tairi na madigadi, akatoa hiyo sentimita moja na robo tatu, akaona bado vidole vyake viwili vitapita. Akakata shauri.

"Wanasema watu wafuate kibandiko," shemeji akajaribu.

"Kibandiko hakikumwona mgonjwa wangu."

Mwenye duka la matairi alikuwa mtu wa tabasamu pana, na maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Jumanne Fundi alimuuliza kama tairi za 205/70 zitaingia kwenye rimu zake, akajibiwa zitaingia, mzee wangu. Akauliza kama zitalifanya gari kuwa laini. Zitalifanya, mzee wangu. Shemeji, ambaye alikuwa amefuatana naye kwa mashaka, akauliza kama za 205/65 nazo zingefaa. Zingefaa sana, mama yangu. Hapo mwalimu akamvuta Fundi mkono akamnong'oneza kwamba mtu anayekubali kila jibu hajasoma swali. Lakini mafundi wa duka walikuwa wameshapandisha gari, na tairi za zamani zilikuwa chini.

"Upepo nikujazie kiasi gani?" mwenye duka akauliza.

"Jaza. Kuzidi ni heri kuliko kupungua."

"Maneno ya dhahabu hayo, mzee wangu."

Jumatano Fundi alifunga cherehani mapema akalijaribu gari mtaani peke yake. Lilikuwa limenyanyuka kidogo, akapendezwa nalo. Alipogeuza mwisho wa mtaa alisikia kama kitu kinasagwa chini ya miguu yake, akasema ni mchanga. Alipopita tuta, makalio yake yakaruka kwenye kiti vilevile kama zamani, labda na kuzidi. Hilo lilimchanganya kabisa. Alirudi akalipita tuta lile mara ya pili, akaruka mara ya pili. Mbona ukuta ni mrefu na shimo halimezwi? Mwishowe alijiambia kwamba gari tupu hurusha, likijaa litatulia. Hakuamini sana, lakini Alhamisi ilikuwa kesho na akili nyingine hakuwa nayo.

Asubuhi walimpandisha mgonjwa taratibu, shemeji upande mmoja na Fundi upande wa pili. Alikaa katikati ya mito yake, kitambaa mkononi. Fundi aliendesha kwa mwendo wa mtu anayebeba mayai, na bado tuta likaja, kwa sababu tuta halina pa kukwepea. Gari likapanda, likashuka kwa kishindo. Kwenye kioo aliuona uso wa mkewe ukikunjamana, macho yakifumba, mkono ukitafuta mkono wa dada yake.

Wakafika njia panda.

"Nirudishe, fundi," mkewe akasema kwa upole. "Tulikubaliana."

Mkataba ni mkataba. Fundi alikata usukani mpaka mwisho ili ageuze gari, na hapohapo chini ya gari pakatoka mkwaruzo mkubwa, wa raba inayosaga kitu kigumu. Usukani ukagoma. Akakanyaga breki, gari likasimama limekingama mbele ya karakana ya Mama Jeki.

Mama Jeki alikuwa mwanamke mnene wa mikono mifupi, mtengeneza pancha na mbadilisha matairi, na ovaroli aliyoivaa ilishonwa na Fundi mwenyewe. Hakuuliza habari za nyumbani. Alichuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akapitisha kidole nyuma ya madigadi, kikatoka cheusi.

"Nani amekuvalisha hizi?"

"Nimechagua mwenyewe. Nilipima. Vidole viwili vinapita."

"Ulipima gari likiwa limenyooka?"

"Ndiyo."

"Tupu?"

"Ndiyo."

Mama Jeki akainuka, akajishika kiuno. "Fundi, siku ulipopima ovaroli hii ulinifanya nini?"

Fundi alikumbuka, na damu ikampanda usoni. Hiyo ndiyo ilikuwa sifa yake mjini. Mafundi wengine humpima mtu amesimama wima. Yeye humwambia mteja keti, inua mikono, inama, chuchumaa, kwa sababu nguo haivaliwi na sanamu. Mama Jeki alikuwa amechuchumalishwa mara tatu, hadi akatishia kwenda kwa fundi mwingine.

"Nilikuchuchumalisha," akasema.

"Na gari likikunja kona huku limebeba watu si ndiyo limechuchumaa? Mbona hukulichuchumalisha?" Akatikisa kichwa. "Ama kweli kinyozi hajinyoi. Mteremshe mama akae kwenye kiti changu. Zipo hapa nne za saizi yako, zimetumika kidogo lakini nzima. Hizi zako niachie, atapatikana wa kuzivaa."

"Tunarudi nyumbani tu," Fundi akasema. "Hospitali hatuendi tena."

"Hata nyumbani hamfiki na hizi."

Mgonjwa akakalishwa kwenye kiti cha plastiki kivulini, mito mgongoni, shemeji kando yake. Mama Jeki akaleta jeki yake. Kabla ya kutoa upepo katika tairi ya kwanza alichomeka geji ya upepo kwenye valvu kwa mazoea, akaisoma, akaipangusa kwenye ovaroli, akaichomeka tena.

"Hamsini?"

Fundi akadhani anaulizwa bei. "Hamsini nini?"

"Upepo. Umejaza hamsini kwenye gari dogo namna hii. Hii si tairi tena, hii ni jiwe."

"Nilitaka zisipate pancha. Na tairi ikiwa na upepo mwingi si ndiyo inabeba vizuri?"

"Inabeba, lakini hainyumbuki. Kila shimo inalipeleka lilivyo mpaka kwenye kiti." Akafungua mlango wa dereva, akagonga kibandiko kwa kidole chake cheusi. "Watu wawili, thelathini na mbili. Gari likijaa, thelathini na tano. Imeandikwa hapa tangu kiwandani."

Shemeji akafumba macho. Alikuwa amezitazama namba zile kwa miwani, yeye na miaka yake yote ya ubao na chaki.

"Na zile za zamani," Mama Jeki akaendelea, bila kujua anapokanyaga, "ulikuwa unazijaza kiasi gani?"

Fundi alikuwa amesimama kati ya gari na kile kiti cha plastiki, futikamba shingoni. Alikuwa akiiona Alhamisi ya kwanza: kituo cha mafuta, mpira wa upepo, na yeye akimwambia kijana wa pampu ongeza, ongeza, nina mgonjwa. Alikuwa amelala vumbini siku nzima akitafuta kosa kwenye milimita na asilimia, kumbe kosa alilitia yeye kwa upendo, kupitia kijitundu cha valvu.

"Vilevile," akasema. Kisha akageuka. "Mke wangu, ni mimi. Barabara ni mbovu, lakini safari ile niliyekuumiza ni mimi. Nilizijaza mwenyewe ili usipate shida."

Fundi alijiandaa kwa lolote, hata kwa kicheko, ambacho pengine kingemuumiza zaidi.

"Gauni langu la kwanza," mkewe akasema, "uliniachia vidole viwili, na shangazi akaniuliza kama nimeazima la mtu. Nimekuwa nikilipunguza kwa siri miaka yote hii."

"Hukuniambia."

"Ningekuambiaje, nawe ulikuwa umefurahi vile?"

Mama Jeki alifanya kazi yake. Zile tairi zake nne za saizi ya kibandiko zikavalishwa kwenye rimu moja baada ya nyingine, na kila moja akaipima, thelathini na mbili kamili, akamwita Fundi asome mwenyewe kwenye geji. Fundi akasoma. Hakuwa na hakika hiyo thelathini na mbili ni ya nini, inchi au asilimia au kitu cha nne walichokizua watu hao wa matairi, lakini aliisoma kwa sauti kama mwanafunzi. Shemeji akaiandika.

Walipomrudisha mgonjwa kwenye kiti cha nyuma, Fundi alikaa mbele ya usukani asiliwashe gari.

"Umeumia kabla ya njia panda," akasema. "Sitaki kukudhulumu. Ukisema turudi, tunarudi, na sitalitaja tena."

Mtu mwenye toroli alipita, akasubiri gari liondoke, akachoka akalizunguka.

"Kurudi nyumbani kuna lile tuta," mkewe akasema hatimaye. "Endesha mbele."

Fundi aliendesha. Hakuthubutu kuangalia kioo. Masikio yake yote mawili yalikuwa kiti cha nyuma, na kila gari lilipotikisika alikaza mabega akingoja. Matairi yaliingia mashimoni yakatoka, kwa sauti ya chini, ya kitu kinachokubali. Shemeji alikuwa akisimulia habari ya mwanafunzi wake mmoja wa zamani, habari isiyokuwa na mwisho wowote. Walipita machimbo ya kokoto, wakapita kisima, barabara ikateremka, ikapanda. Jasho lilikuwa likimtiririka Fundi mgongoni.

"Fundi," mkewe akaita.

Akakaza usukani. "Naam."

"Ukikaribia lile shimo la darajani uniambie, nishike kitambaa."

Fundi akatazama kioo. Daraja lilikuwa nyuma yao, mbali, dogo tayari kwenye vumbi. Kitambaa kilikuwa kimelala mapajani mwa mkewe, kikavu, hakijaguswa. Akakitazama kioo tena, kuhakikisha.

"Shemeji," mkewe akasema, kwani alipenda kumwita hivyo dada yake alipokuwa akimtania mumewe, "mwambie fundi wako ajibu."

"Tumeshalipita," Fundi akasema.